Dodoso Lisilo na Jina: Kupima Tabia Hatarishi kwa Afya za Wanafunzi, kwa Mfano wa Turiani

Turiani, katika Wilaya ya Mvomero mkoani Morogoro, imekaa chini ya Milima ya Nguru, katikati ya mashamba ya mpunga na mashamba ya miwa ya Mtibwa. Msimu wa kukata miwa huleta vibarua kutoka mikoa mingine, na pamoja nao huja fedha za mkononi, vilabu vya pombe na pikipiki za abiria. Mwanafunzi wa sekondari ya kata hupita katikati ya mambo hayo kila asubuhi na kila jioni. Baadhi ya wanafunzi ambao makwao ni mbali hupanga vyumba karibu na shule, vile ambavyo vijana wenyewe huviita mageto, wakapika, wakasoma na wakalala bila mtu mzima wa kuwaangalia.

Muuguzi wa zahanati humwona kijana huyu mwishoni mwa safari: akiwa na mimba ya miezi mitano, na jeraha la kuanguka na pikipiki, na usaha sehemu za siri, au amebebwa na wenzake baada ya kulewa. Rejesta ya zahanati huandika wale waliofika tu. Haisemi ni wangapi darasani wamekwisha kuonja pombe, ni wangapi hupigwa na wenzao, wala ni wangapi wamekosa rafiki hata mmoja wa kumweleza huzuni yao. Ili kuyajua hayo kabla hayajafika zahanati, hufanyika uchunguzi wa tabia hatarishi shuleni. Makala haya yanaeleza namna uchunguzi huo unavyofanyika, kwa nini usiri ndio nguzo yake, na wajibu gani hubaki kwa watu wazima baada ya karatasi kukusanywa.

Tabia hatarishi ni zipi

Katika lugha ya afya ya jamii, tabia hatarishi ni jambo analolifanya mtu, au analoacha kulifanya, ambalo huongeza uwezekano wa kuugua, kuumia au kufa mapema. Shirika la Afya Duniani, likishirikiana na kituo cha Marekani cha kudhibiti na kuzuia magonjwa, CDC, liliandaa dodoso la kimataifa la afya ya wanafunzi, ambalo nchi zilianza kulitumia mwaka 2003. Dodoso hilo hugusa maeneo kumi: ulaji, usafi wa mwili, mazoezi, matumizi ya tumbaku, pombe, dawa za kulevya, mahusiano ya kimapenzi, ukatili na ajali, afya ya akili, na mambo yanayomkinga kijana, kama vile wazazi wanaojua mwanao anashinda wapi. Walengwa wakuu ni wanafunzi wa miaka 13 hadi 17.

Eneo hilo la mwisho husahauliwa mara nyingi. Uchunguzi mzuri hauhesabu maovu peke yake. Huuliza pia kama mzazi hukagua kazi za shule, kama wenzake darasani ni wema, kama yuko mtu mzima anayemsikiliza. Majibu hayo humwonesha mhudumu wa afya mahali pa kuanzia.

Umri huu una uzito wake. Uvutaji wa sigara, ulaji wa chumvi na mafuta kwa wingi, na unywaji wa pombe huanza kama mchezo wa ujana, kisha hugeuka mazoea. Shinikizo la damu, kisukari, saratani na magonjwa ya ini vinavyojaza wodi za watu wazima vina mizizi katika miaka hiyo. Madhara mengine hayasubiri uzee: mimba, Virusi vya Ukimwi, majeraha na msongo wa mawazo humpata kijana akiwa bado amevaa sare ya shule.

Tanzania si mgeni katika kazi hii. Mwaka 2003 uchunguzi wa kimataifa wa tumbaku kwa vijana ulifanyika katika shule za Dar es Salaam, Kilimanjaro na Arusha. Mwaka 2006 dodoso la afya ya wanafunzi lilijazwa Dar es Salaam, na mwaka 2014 likajazwa kitaifa. Kati yake, mwaka 2009, ulifanyika uchunguzi wa kaya kuhusu ukatili dhidi ya watoto. Uchunguzi huo ulionesha kuwa takribani wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Waliosimulia hayo walikuwa vijana wa miaka 13 hadi 24, na wengi wao walikuwa hawajapata kumwambia mtu. Hilo ndilo tunda la kuuliza kwa utaratibu: jambo lililokuwa aibu ya mtu mmoja mmoja likajulikana kuwa ni tatizo la taifa.

Shule na madarasa huchaguliwaje

Haiwezekani kumhoji kila mwanafunzi, wala si lazima. Mpishi huonja kijiko kimoja akajua chumvi ya sufuria nzima, mradi amekoroga vizuri. Kukoroga huko, katika utafiti, ni kuchagua kwa nasibu.

Uchaguzi hupita hatua mbili. Kwanza huchaguliwa shule, na shule yenye wanafunzi wengi hupewa nafasi kubwa zaidi ya kuchaguliwa. Kisha, ndani ya shule iliyochaguliwa, darasa au mkondo hupatikana kwa kura, na wanafunzi wote wa mkondo huo hualikwa kushiriki. Tuseme shule moja ina wanafunzi 900 katika mikondo 18, na nyingine ina wanafunzi 300 katika mikondo 6. Shule ya kwanza ina nafasi mara tatu ya kuchaguliwa, lakini ikishachaguliwa, kila mkondo wake una nafasi 1 kati ya 18, ilhali katika shule ya pili kila mkondo una nafasi 1 kati ya 6. Ukizidisha, mwanafunzi wa shule kubwa na wa shule ndogo huwa na nafasi sawa kabisa ya kusikika.

Hesabu hii huwalinda wanafunzi dhidi ya upendeleo. Mkuu wa shule akiachiwa achague, kwa nia njema kabisa atawaleta viranja na wenye nidhamu. Mtafiti mvivu naye ataishia kwenye shule zilizo kando ya barabara ya lami, akaziacha zile za mlimani ambako gari halifiki masika.

Kabla ya yote hayo, utafiti hupita mikononi mwa kamati ya maadili ya chuo, na kibali hutafutwa pia kwa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Barua huenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kisha kwa mkuu wa shule. Mzazi huombwa ridhaa, na mwanafunzi naye huulizwa kama anakubali. Ridhaa ya mzazi haimfungi mtoto. Mwanafunzi ana haki ya kuacha swali lolote wazi, au kurudisha karatasi tupu, bila kuulizwa sababu.

Siku ya dodoso darasani

Kazi yenyewe huchukua kipindi kimoja cha masomo. Madawati hutenganishwa kadiri chumba kinavyoruhusu. Mwalimu wa darasa huombwa atoke, na msimamizi aliyefunzwa, asiyefahamika na wanafunzi, husoma maelekezo kwa sauti: usiandike jina, usiandike namba ya mtihani, hakuna jibu sahihi wala la makosa, hakuna atakayepewa alama. Mwanafunzi hujaza mwenyewe, hukunja au hutia karatasi katika bahasha, kisha huitumbukiza katika sanduku pamoja na za wenzake.

Maswali mengi yana mpaka wa muda: siku 7 zilizopita, siku 30 zilizopita, miezi 12 iliyopita. Mpaka huo huisaidia kumbukumbu. Ukimwuliza kijana kama yeye ni mnywaji, unamwomba ajihukumu. Ukimwuliza amekunywa siku ngapi katika siku 30 zilizopita, unamwomba ahesabu tu.

Lugha ya swali huhitaji uangalifu mkubwa, na hapa ndipo dodoso lililotafsiriwa kutoka mbali hukwama. Neno kilevi kwa mwanafunzi mmoja ni bia ya chupa, kwa mwingine ni pombe ya miwa au gongo, na mwingine atajiuliza kama togwa iliyolala siku mbili nayo imo. Kijana anayetia ugoro mdomoni anaweza kujibu kwa dhati kuwa hatumii tumbaku, kwa kuwa hajavuta sigara. Msichana anayepewa nauli na chipsi na dereva wa bodaboda huenda asimwite mpenzi, na swali linalohusu mpenzi litampita. Swali la jeraha lisilotaja panga la kukatia miwa au kuanguka na pikipiki halijamwona kijana wa Turiani. Kwa sababu hiyo dodoso hujaribiwa kwanza kwa wanafunzi wachache wa shule isiyo katika sampuli, wakaulizwa walielewa nini.

Mambo hubadilika pia. Mwaka 2017 Serikali ilipiga marufuku pombe iliyofungashwa katika viroba, ambayo ilikuwa rahisi kununuliwa kwa fedha kidogo na kufichwa mfukoni. Dodoso linaloendelea kuuliza viroba pekee litaleta habari njema zisizo za kweli.

Kwa nini mwanafunzi huficha

Watafiti wengi hudhani kuwa karatasi isiyo na jina inatosha kuleta ukweli. Uzoefu wa Mwanza unaonya. Huko, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, mradi wa MEMA kwa Vijana uliwafuatilia wanafunzi wa shule za msingi za vijijini katika jamii 20, ukitumia hojaji za ana kwa ana, hojaji za kujaza wenyewe, mahojiano marefu na vipimo vya maabara. Majibu hayakulingana. Miongoni mwa vijana ambao vipimo vilionesha mimba au maambukizi ya zinaa, wengi, hasa wasichana, hawakusema katika hojaji zote kuwa wamewahi kujamiiana. Mradi huo ulibainisha jambo jingine lenye uzito: mafunzo yaliongeza maarifa ya vijana na kubadili misimamo waliyoitaja, lakini maambukizi ya Virusi vya Ukimwi hayakupungua kwa kiasi kilichoweza kuthibitishwa. Kujua na kusema si sawa na kutenda.

Msichana anayeficha ana sababu zake. Kwa miaka mingi nchini, mwanafunzi aliyepata mimba aliondolewa shuleni, na katika baadhi ya shule wasichana walipangwa mstari wakapimwa. Kalamu ya msichana ilipogusa swali la mahusiano, mbele yake kulikuwa na masomo yake yote. Mwezi Novemba 2021 Serikali ilitangaza kuwa wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwamo waliojifungua, wanaweza kurejea katika shule za mfumo rasmi. Uamuzi huo umepunguza hatari, lakini hofu huishi muda mrefu kuliko waraka, na aibu ya kijijini haina waraka unaoifuta.

Wavulana huweza kukosea upande wa pili. Wapo wanaozidisha idadi ya wapenzi ili wajione wanaume, hasa wakihisi jirani anachungulia. Wengine huficha kuonewa na kupigwa, kwa kuwa mvulana hufundishwa asilie. Fimbo nayo ina sehemu yake: mahali ambapo mwanafunzi huchapwa kwa kukiri kosa, hawezi kuamini ghafla, kwa dakika 40, kwamba leo kukiri hakuna adhabu.

Basi usiri wa dodoso hautangazwi tu, huoneshwa. Mwanafunzi humtazama mwalimu kama kweli ametoka. Hutazama kama sanduku lina kufuli na kama msimamizi anapitapita kusoma majibu. Mwalimu mmoja akichukua karatasi moja na kucheka, ukweli wa darasa zima umepotea, na huenda ukapotea kwa uchunguzi mwingine utakaofuata miaka mitano baadaye.

Siri na wajibu

Hapa hutokea fundo gumu kuliko yote. Jioni, mtafiti akipanga karatasi, anakuta mwanafunzi amejibu kwamba katika miezi 12 iliyopita alifikiria kwa dhati kujiua. Karatasi nyingine inasema aliyemlazimisha tendo la ndoa ni ndugu wa nyumbani. Hakuna jina. Mtafiti aliahidi asijue, na sasa hajui.

Wapo wanaopendekeza karatasi ziwekewe alama ya siri ili mtoto aliye hatarini atafutwe. Njia hiyo huvunja ahadi iliyotolewa mbele ya darasa, na habari ikivuja, hakuna mtoto atakayejibu kweli tena. Kukaa kimya pia hakukubaliki. Njia inayofaa ni kuamua kabla ya siku ya dodoso kwamba katika kila darasa yumkini yupo mtoto wa namna hiyo, na kumpa kila mwanafunzi kile ambacho mtoto huyo anakihitaji.

Kwa vitendo, maana yake ni hii. Mwisho wa kipindi kila mwanafunzi hupewa karatasi ileile, yenye jina la kituo cha afya cha karibu, cheo cha mtu wa kuonana naye, siku na saa anazopatikana, pamoja na namba 116, simu ya huduma kwa mtoto inayopigwa bila malipo. Ofisa ustawi wa jamii au muuguzi aliyezoea vijana huwapo shuleni siku hiyo na siku inayofuata, katika chumba ambacho mtu anaweza kuingia bila kuonekana na shule nzima. Kwa kuwa kila mmoja amepewa karatasi, aliyeihitaji hajulikani.

Mwanafunzi akiamua kusema kwa mdomo, mambo hubadilika. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humtambua mtoto kuwa ni mtu wa chini ya miaka 18, na huweka kwa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa haki za mtoto zinapovunjwa. Mhudumu hapaswi kuahidi siri asiyoweza kuitunza. Maneno ya haki ni haya: yale unayoniambia yatabaki kwangu, isipokuwa yakionesha kwamba wewe au mwingine yuko hatarini, hapo nitalazimika kumwambia mtu anayeweza kusaidia, na nitakueleza kabla ya kufanya hivyo. Kijana anayetaja mawazo ya kujiua haachwi peke yake wala hatumwi nyumbani na barua. Hukaa na mtu mzima hadi apelekwe kwa mtaalamu.

Kusoma majibu bila kupotoka

Takwimu zikirudi, husomwa kwa tahadhari tatu.

Ya kwanza ni kukumbuka wasiokuwapo. Dodoso la shuleni huwafikia waliohudhuria siku hiyo. Aliyekuwa akikata miwa kwa siku, aliyelala na malaria, aliyeacha shule kwa mimba na aliyetoroka kwenda kunywa hawamo. Mara nyingi hao ndio wenye hatari kubwa, kwa hiyo kiwango kilichopatikana huenda ni kidogo kuliko hali halisi.

Ya pili ni kutochanganya kufuatana na kusababisha. Ikionekana kuwa wanywaji wa pombe ndio pia wenye huzuni nyingi, dodoso la siku moja haliwezi kusema kipi kilianza. Yawezekana pombe ilileta huzuni, au huzuni ilitafuta pombe, au kipigo cha nyumbani kilizaa vyote viwili.

Ya tatu ni kutoipachika shule aibu. Sampuli iliyoandaliwa kusema habari za taifa au mkoa haiwezi kutaja shule bora na shule mbovu. Shule ikitangazwa kwa jina kuwa ina wavuta bangi, mkuu wa shule atafunga mlango kwa watafiti, na wanafunzi wasio na hatia watabeba sifa hiyo hadi kwenye usaili wa kazi.

Takwimu zinaporejea kijijini

Matokeo yanayoishia katika ripoti ya Kiingereza iliyofungiwa kabatini ni deni lisilolipwa. Wanafunzi walitoa siri zao. Wana haki ya kurudishiwa matokeo, kwa Kiswahili, pamoja na walimu, wazazi na kamati ya afya ya kata.

Kwa mhudumu wa afya wa Turiani, faida ya kwanza ni kujua aulize nini. Kijana akija na maumivu ya kichwa yasiyoisha, mazungumzo mema huanza mbali: anaishi na nani, anakula wapi, shule inaendaje, rafiki zake hufanya nini jioni. Maswali ya pombe, mapenzi na huzuni huja baadaye, akiwa amekwisha kutulia, na mzazi akiwa ameombwa kwa heshima asubiri nje kidogo. Faida ya pili ni kupanga saa. Kituo kinachohudumia vijana asubuhi pekee, kwenye foleni moja na shangazi na majirani zao, kimewafungia mlango hata kama kimeandika ubaoni kuwa huduma ni rafiki kwa vijana. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2019 inamruhusu kijana wa miaka 15 kupima Virusi vya Ukimwi kwa ridhaa yake mwenyewe. Ruhusa hiyo haina maana asipokuwapo wa kumpokea bila kumkaripia.

Kwa shule, dodoso huonesha panapohitaji kutengenezwa: mwalimu wa malezi mwenye muda wa kusikiliza, choo chenye mlango kwa ajili ya wasichana, bweni au hosteli kwa wale wanaopanga mageto. Mambo hayo huweza kupunguza hatari kuliko hotuba ya paredi. Kwa serikali ya kijiji, yapo mambo yaliyo ndani ya uwezo wake, kama vile saa za kufungua vilabu na umbali wake kutoka shuleni.

Kwa mzazi, jambo ni jepesi kulitaja na gumu kulitenda: kujua mtoto yuko wapi, na kuzungumza naye kabla ya msiba. Mzazi mwenye mtoto anayeishi geto akimtembelea bila kutangaza, akala naye chakula alichopika, akamwuliza habari za rafiki zake bila fimbo mkononi, ametoa kinga ambayo hakuna kituo cha afya kinaweza kuitoa.

Na kwa mwanafunzi anayesoma makala haya, siku moja huenda karatasi isiyo na mahali pa jina ikawekwa juu ya dawati lake. Hakuna atakayejua alichoandika. Jibu lake, likijumlishwa na ya wenzake, ndilo litakalowaambia watu wazima wa Turiani ni mlango upi waufungue kwanza. Nao wanapaswa kuwa wameuandaa mlango huo kabla ya kumkabidhi kalamu.